Bahizire Aliitikia Jina la Mukubwa Wake

Wamama wenzangu wenye watoto kwenye mashimo ya dhahabu, na ninyi vijana wenyewe kama mutakubali kusoma, ninaandika hii kwa sababu niliona jambo kwenye karatasi za wafu, halafu nikaliona tena kwa macho yangu, kwa mutu aliye hai. Nilisoma mpaka darasa la sita tu. Nitaandika vile ninavyojua. Mukitaka kucheka maandishi yangu, chekeni, lakini musome mpaka mwisho.

Mimi ni Clémence, wa Nguba, hapa Bukavu. Kazi yangu ni kufagia na kupiga deki kwenye nyumba moja ya vitabu na karatasi za zamani, huku chini karibu na ziwa. Nyumbani niko peke yangu. Bwana wangu alikufa zamani, na mutoto wangu ni mumoja, Dany, na Dany alienda kuchimba Kamituga, huu ni mwaka wa pili. Alipoondoka, mwezi muzima nilikuwa ninapika chai ya watu wawili kwa kusahau, ninamwaga kikombe kimoja kwenye maua. Sasa nimezoea sufuria ndogo.

Kwenye ile nyumba ya karatasi kuna mutu tunayemuita tonton Benoît, ndiye anayeshika arshive, zile karatasi. Mwaka jana alipata kutoka Ulaya picha za rejista za askari wetu wa zamani, wale ambao Wabelgiji waliwapeleka kwenye vita vya Abisinia na hawakurudi. Kila aliyekufa ana ukurasa wake. Tonton Benoît akaziweka kwenye ordinateri, kompyuta yake, akabandika tangazo mulangoni: mwenye babu aliyekufa vitani alete jina, tutamutafutia. Wiki ya kwanza watu walikuja wengi. Wiki ya tatu ilibaki mimi na ufagio.

Siku moja akanichokoza. "Maman Clémence, unafagia wafu wa wengine tu? Leta na wako."

"Kwetu hakuna mutu alienda vita, tonton."

"Kila familia iko na mutu kwenye karatasi. Babu yako aliitwa nani?"

"Cubaka. Lakini ule alikufa kwa kitanda chake, kule Nyantende. Nilikuwa na miaka tano. Nilikuwa ninakaa kwa magoti yake ninamuvuta masikio."

"Tuone basi kama masikio yake yako huku," akasema, akaandika jina. Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka.

Nilisogea na ufagio mukononi. Ukurasa ulikuwa wa kifaransa, umeandikwa kwa mukono muzuri wa mutu ambaye hakuwa na haraka. Tonton Benoît alinisomea huku kidole chake kinatembea juu ya kioo. Cubaka, mwana wa Birindwa na M'Rugamba, kijiji Nyantende. Alikufa tarehe tisa mwezi wa kumi na moja, 1941, kwenye hospitali ya askari, Abisinia. Ugonjwa: kuhara damu. Alama za mwili: sikio la kushoto limekatika juu. Vitu alivyoacha: blanketi moja, kijiko kimoja, rozari moja.

"Ni mwengine tu," tonton Benoît akasema. "BaCubaka ni wengi hapa kwetu."

Nilitaka kumuamini. Lakini M'Rugamba ni mumoja. Kwetu, jina la ule muzee mwanamuke, mama wa babu, linatajwa kila mara pombe inapomwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Birindwa na M'Rugamba hawawezi kuzaa Cubaka wawili. Na babu yangu alikuwa na masikio mazima, mimi mwenyewe niliyavuta.

Hapa ndipo onyo langu la kwanza liko. Wengi wanaokuja kutafuta babu zao wanasoma jina na tarehe, basi, wanapiga picha na simu, wanaenda. Someni mpaka chini. Jina linaweza kudanganya. Angalieni jina la mama, na alama za mwili.

Jumamosi nikaenda Nyantende na ile karatasi, tonton Benoît alinitolea kwenye mashine, ndani ya Biblia ili isikunjike. Shangazi yangu Madeleine, mutoto pekee wa babu Cubaka aliye hai bado, yuko na miaka themanini na moja. Nilimukuta nje ya nyumba, sinia ya maharagi kwenye magoti, anatoa mawe.

"Shangazi, babu alikuwa na masikio ngapi?"

"Wewe umekunywa nini njiani?" akasema. "Mutu iko na masikio ngapi?"

"Mazima yote mawili?"

"Clémence, kama ulikuja kunicheka, chukua sinia, fanya kazi huku unacheka."

Nikamusomea karatasi kwa kiswahili, pole pole. Alikuwa anaendelea kutoa mawe. Nilipofika kwenye sikio la kushoto, mukono wake ulibaki ndani ya maharagi.

"Nani alikupa hii?"

"Wabelgiji waliitunza."

"Miaka yote hii?" "Bale batu balikuwa na roho mubaya. Kila kitu banachunga."

Aliniomba maji, akanywa, akasema maji yana moshi. Halafu akasema: "Ule ni Bahizire."

Mimi jina la Bahizire nililijua kama tusi. Kwetu mutoto akitoroka kazi, wanamuambia: umekuwa Bahizire. Alikuwa mudogo wa babu, kijana aliyekimbilia dhahabu ya Kamituga akasahau mama yake. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Hakuna mutoto hata mumoja kwetu aliyepewa jina lake.

"Hakuenda Kamituga hata siku moja," shangazi akasema. "Karani wa chifu alikuja kuandika wanaume wa kwenda kwa jeshi. Aliandika Cubaka. Baba yangu alikuwa ametoka kuoa, hata mwezi mbili haiyaisha. Bahizire akamuambia, mukubwa wangu, mimi sina muke, nitaenda mimi. Jina ni la kujibia apeli tu, wakiita askari. Wakimaliza vita nitalirudisha. Bakakubaliana bo wawili, nyuma ya migomba. Mama yao bakamudanganya: Bahizire ameenda kutafuta dhahabu."

"Na alipokufa?"

"Karani mwengine alikuja, mugeni, hakujua batu kwa sura. Alisimama akasoma wafu. Cubaka wa Birindwa! Baba yangu alikuwa nyuma ya watu anakula kiazi. Alisikia kifo chake na kiazi kikiwa ndani ya kinywa." Shangazi akanitazama. "Angesema nini? Akisema mimi ni Cubaka, kifungo. Akilia mudogo wake, mama yake angeuliza unalia nani, kwani Bahizire si yuko Kamituga? Akameza kiazi, batu bakasema karani amekosea jina. Akarudi nyumbani."

M'Rugamba alingoja. Kila siku ya soko alisimama njiani, watu wakitoka upande wa Mwenga, njia ya Kamituga, anawauliza: hamukuona kijana mwenye sikio la kukatika? Mbwa alimuuma akiwa mutoto. Aliuliza miaka kumi na tatu. Halafu akachoka, akakasirika, akasema jina lile lisitajwe tena kwake isipokuwa kwa ubaya. Akafa na hasira ile.

"Baba yangu akinywa pombe ya kasiksi," shangazi akasema, "alikuwa anasimama katikati ya kiwanja, anaita kwa sauti kubwa kama sajenti: Cubaka! Halafu anangoja. Mimi nilikuwa mudogo, nilifikiri ni muchezo. Siku moja nikajibu kama askari: Présent! Niko! Alinitazama, Clémence. Sijasahau. Aliingia ndani na hakutoka siku mbili. Aliniambia yote akiwa anakufa, akasema nisiseme."

"Sasa umesema."

"Si mimi nimesema. Ni karatasi."

Tukakubaliana kumuzika Bahizire. Kwetu mutu akifia mbali na mwili usipatikane, wanakata kigogo cha mugomba, wanakivika nguo, wanakizika kama mutu, ili asiendelee kuzunguka. Lakini shangazi alisema lazima mwanaume wa damu yetu atupe udongo wa kwanza. Mwanaume aliyebaki kwetu ni Dany. Nikapiga simu pale pale.

Sauti iliyoitika haikuwa ya Dany. "Allô, unataka nani?"

"Nataka Dany."

"Hapa hakuna Dany, maman."

"Hii ni numéro ya mutoto wangu!"

Nikasikia watu wanacheka, mashine inanguruma, halafu ule mutu akapiga kelele: "Stanislas! Stanislas, kuja, maman yako!"

Na mutoto wangu akachukua simu. "Maman, pole, nilikuwa nanawa."

"Stanislas ni nani?"

"Ni mimi." Akacheka. "Ni karte tu, maman, kitambulisho. Pale kwa bariyeri, mulango wa mashimo, hauingii bila karte ya koperative ya wachimbaji, na liste ya majina ilishafungwa. Stanislas alichoka na shimo, sasa anatengeneza masimu Nyawera, hapo Bukavu, akaniachia yake. Picha imeshafutika na maji. Wote bananiita vile sasa. Ni jina la bariyeri."

Nilikaa chini kwenye udongo. Shangazi aliniuliza kwa macho kuna nini, nikamuonyesha mukono angoje.

"Dany, kule nani anajua wewe ni Dany?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, nilisikia. "Mimi," akasema.

Nikamuelezea habari ya Bahizire, mbio mbio, unités za simu zisiishe. Akasema: "Maman, wewe na karatasi zako. Yule alienda kwa vita, mimi niko kwa kazi." Akasema hawezi kuja kutupa udongo, ekipe yake ya wachimbaji imefika mahali pazuri, akitoka watamuweka mwengine. Akasema, "Tupa wewe. Mimi na wewe si ni damu moja?"

Tulimuzika Bahizire Alhamisi. Tulikuwa watu wane: mimi, shangazi Madeleine, katekista, na jirani aliyechimba. Kigogo tulikivika shati la bwana wangu. Mimi niliongeza kipande cha blanketi na kijiko, kwa sababu karatasi ilisema alikuwa navyo, na rozari yangu ya plastiki. Shangazi aliinama juu ya shimo akasema kwa mashi, lugha yetu, kwamba M'Rugamba asimame njiani sasa, mutoto anarudi. Udongo wa kwanza nilitupa mimi. Ulikuwa mulaini, mvua ilikuwa imeanza.

Mvua ile haikuacha. Siku ya tatu simu ya Dany ikafungwa. Siku ya saba bado. Kwenye soko watu wakasema kuna shimo limeanguka Kamituga. Wengine wakasema hakuna, ni maneno. Nikaenda Nyawera kumutafuta Stanislas mwenyewe. Nilimukuta chini ya mwavuli, bisibisi ndogo mukononi, simu tatu zimefunguliwa mbele yake kama samaki.

"Ni wewe Stanislas?"

"Ni mimi mwenyewe, maman. Na ni muzima!" Akacheka na jirani yake. "Juzi mutu wa koperative alipiga simu toka Kamituga, alimupa bibi, yaani muke wangu, pole. Eti nimefunikwa na udongo. Bibi akanipitishia simu, nikamuambia, ndugu, mimi mufu nasema na wewe. Tulicheka sana!"

Akaniona sicheki. Akaweka bisibisi chini. "Maman, wewe ni maman wa nani?"

Nikamuambia. Alifunga meza yake saa nne ya asubuhi, akanitafutia mwenye moto, ile pikipiki, anayejua ile njia.

Ile njia sitaieleza. Siku mbili. Mahali pengine tulishuka tukasukuma, matope mpaka magotini, na mimi kichwani nilikuwa ninasoma karatasi ambayo haijaandikwa bado: Stanislas, mwana wa fulani ambaye si bwana wangu, na fulani ambaye si mimi. Vitu alivyoacha: simu moja. Nilikuwa ninafikiri, bibi wa Stanislas atapata pole yangu yote. Mimi nitabaki Nguba na sufuria ndogo, nikiuliza watu wa njia: hamukuona kijana?

Kamituga, kwenye biro, ile ofisi ya koperative, walikuwa wamebandika liste ukutani. Kijana mumoja akanisaidia kutafuta. "Dany hayuko, maman. Furahi. Jina haliko."

"Nisomee Stanislas."

"Stanislas yuko. Mustari wa nne."

"Hii ni liste ya nini?"

"Ya waliokuwa ndani siku ile. Wengine walitolewa. Uliza kule juu."

Nikapanda. Wamama twangaise, wale wanaotwanga mawe ya dhahabu, walikuwa wamekaa mustari mumoja, wanatwanga, weupe kwa vumbi kama wamepakwa unga. Mbele yao vijana kumi hivi wamesimama karibu na mashine ya kuvuta maji, wote matope, wote sawa. Sikuweza kujua wangu. Nikaita: "Dany!"

Hakuna aliyegeuka.

Nikaita tena, kwa nguvu yangu yote. "Dany!" Wamama waliacha kutwanga wakanitazama. Vijana hawakugeuka. Basi nikafungua kinywa nikaita jina la mutoto wa mutu mwengine.

"Stanislas!"

Na mumoja akageuka. Mukono umefungwa na kitambaa, uso matope, kovu lake kwenye nyusi. Alikuwa ni yeye.

Sijui kama nilimukumbatia au nilimupiga. Wenzake wanasema nilianza na kofi. Mumoja akasema, "Maman, usimupige, huyu alikufa kidogo akarudi!" Wakacheka wote, na PDG, ndivyo wanavyomuita mwenye shimo, akasema: "Stanislas, unamuliza mama yako hivi, uko mutoto wa namna gani?"

"Haitwi Stanislas," nikasema.

PDG akainua mabega. "Maman, ukianza kuuliza nani anaitwa jina lake hapa, utatufungia kazi."

Tulikaa na Dany kwenye jiwe. Alikuwa ndani ya udongo masaa tano, simu ilibaki kule. Alisema kama vile anaeleza habari ya mutu mwengine. Nikamuambia turudi nyumbani. Akasema hapana. Nikamuambia basi, nenda kwa biro, sema jina lako, waandike upya.

"Nikisema leo mimi si Stanislas, kesho sina shimo. Liste imefungwa, maman."

"Na kama ungekufa?"

"Sikufa."

"Bahizire naye alisema atalirudisha jina wakimaliza vita."

Aliangalia kucha zake, akatoa matope kwenye kucha moja. Nilifikiri nimemupata. Halafu akasema, pole pole, kama vile mimi ndimi mutoto: "Maman, ulipoita Dany nilisikia. Nilifikiri ni mwengine wanamuita."

Hilo ndilo nililorudi nalo Bukavu.

Asubuhi kabla sijapanda moto ya kurudi nilimufuata mpaka bariyeri, nikasimama mbali ili asione haya. Mulinzi alikuwa na cahier, daftari lake, anasoma majina. Wanaingia mumoja mumoja. Akasoma: "Stanislas!"

"Présent!" mutoto wangu akajibu, na hakuangalia nyuma.

Niliporudi kazini nilimuomba tonton Benoît aandike Dany kwenye ordinateri yake, ukurasa mumoja tu, kama wale askari. Jina, mama, alama za mwili. Tonton Benoît ni mutu muzuri, alivua miwani akaisafisha muda mrefu. Akasema: "Maman Clémence, hapa tunaweka waliokufa tu. Na wale wa zamani."

Basi ninaandika mwenyewe. Ninyi wamama, pigeni simu leo, musiulize mutoto amekula nini. Ulizeni anaitwa nani pale alipo. Ninyi vijana, jina si koti la kuazimana wakati wa mvua. Na ninyi munaoshika liste kwenye mashimo, kama siku moja mutasoma kwamba Stanislas wa ekipe ile ya juu, karibu na mashine ya maji, amefunikwa, musimupigie bibi wa Stanislas. Stanislas yuko Nyawera anatengeneza masimu. Muangalieni huyo muliyemutoa. Kovu kwenye nyusi ya kulia, alianguka kwenye ngazi akiwa na miaka mine. Kidole kidogo cha muguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake, kama cha baba yake. Jino moja la mbele limevunjika pembeni. Huyo ni Dany, mutoto wa Clémence M'Ntakwinja, wa Nguba, mwenye kufagia nyumba ya karatasi.

Kila siku baada ya saa tisa niko nyumbani. Gongeni tu. Hakuna kelele kwangu, nitasikia.